Magi tisa, sanamu moja na boksi la viatu: uchambuzi wa mauzo ya vitu vya tiki karibu na Whittier, California

Nchini Marekani mtu mzima akifariki au akihamia kwa wanawe, vitu vyake mara nyingi huuzwa humohumo nyumbani mwake. Familia humpa kazi hiyo msimamizi, kila kitu hubandikwa bei, mlango hufunguliwa Ijumaa, na Jumapili kilichobaki hutoka kwa nusu bei. Kwa mtafutaji wa vitu vya tiki, yaani vyombo na mapambo ya baa za Marekani zilizoiga visiwa vya Polinesia, mauzo ya aina hii yanashinda duka la mitumba kwa mbali, kwani baa ya nyumbani hukutwa ilivyoachwa: magi (vikombe vya kauri vyenye sura za vinyago) rafuni, vijiti vya kukorogea vinywaji kwenye droo, karatasi chini ya sinki. Goodwill, mtandao wa maduka ya mitumba ya hisani, huletewa vitu vilevile vikiwa vimeshatengana, na vile vinavyojulikana kuwa na bei mara nyingi huchujwa kabla ya kufika dukani, vikaenda kupigwa mnada kwenye tovuti ya ShopGoodwill.

Kisa tunachochambua tumekijenga kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mauzo hayo. Nyumba iko mashariki mwa Los Angeles, upande wa Whittier. Mahali hapo pana maana: karakana ya Oceanic Arts, iliyochonga sanamu na mapambo ya baa na mikahawa ya tiki, iliyoanzishwa 1956, ilikuwa Whittier hadi ilipofunga 2021. Ndiyo maana nyumba za eneo hilo bado hutoa vitu ambavyo jimbo jingine huvioni. Mnunuzi ana dola 300 taslimu. Nyuma ya nyumba kuna baa ya mianzi, na kwenye picha za tangazo rafu ya magi inaonekana kwa mbali, imefifia.

Kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Mtindo wa tiki ulizaliwa California miaka ya 1930, Don the Beachcomber akiwa Hollywood na Victor Bergeron wa Trader Vic's akiwa Oakland. Ukavuma baada ya Vita vya Pili, na Hawaii ilipofanywa jimbo mwaka 1959 ukazidi kuvuma. Sura zake ziliazimwa kwenye vinyago vya Polinesia, lakini magi nyingi za kipindi hicho zilitengenezwa Japani kwa ajili ya mikahawa ya Marekani. Kwa hiyo anayekusanya tiki anakusanya historia ya baa za Marekani, na thamani ya magi inatokana na baa iliyoitumia, kampuni iliyoiagiza, mwaka na hali yake. Uso unaokuvutia kwa mbele haukuambii lolote kati ya hayo. Kitako ndicho kinachosema.

Kabla ya siku ya kwanza

Picha za tangazo zipanue hadi zivunjike, halafu usihangaike na magi. Tazama vilivyo pembeni. Boya la kioo lenye wavu, taa ya ngozi ya samaki bunju, mkeka ukutani, menyu iliyowekwa fremu: vikiwa pamoja, baa ile ilijengwa na mtu aliyekwenda mikahawani kwelikweli na kurudi na kumbukumbu. Magi peke yake kwenye kabati la jikoni huenda zilinunuliwa dukani mwaka jana.

Masharti ya mauzo haya yalikuwa ya kawaida. Namba za foleni zinagawiwa saa moja na nusu asubuhi, mlango unafunguliwa saa tatu, watu ishirini wa kwanza wanaingia. Ijumaa hakuna punguzo, Jumamosi robo, Jumapili nusu. Mnunuzi alipata namba 14. Begani alikuwa na mfuko imara wa turubai wenye taulo mbili, tochi ndogo ya kawaida, tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti, lensi ya kukuza mara kumi na futi ya kupimia. Mikoba mikubwa na mabegi ya mgongoni huzuiwa mlangoni kwa hofu ya wizi, kwa hiyo mfuko usiwe na kingine zaidi ya vifaa hivyo, na uoneshwe bila kuulizwa.

Ukishaingia, nenda moja kwa moja kwenye baa na ushike. Kanuni ya mauzo haya ni kwamba kilicho mkononi mwako ni chako hadi ukirudishe. Anayesimama kuchunguza magi moja rafuni kwa dakika tatu atakuta nane nyingine zimeondoka. Mnunuzi alizitia zote tisa mfukoni, akizitenganisha kwa taulo, akasogea kando penye mwanga, akaanza kuchambua. Huo si uroho, ili mradi usizikalie: unazokataa uzirudishe haraka, wenzako nao wanasubiri.

Magi tisa, kila moja dola 25

Bei moja kwa zote inaonesha msimamizi amebandika kwa kuangalia umbo, hakugeuza kitako. Hapo ndipo penye faida na penye hasara pia.

Tatu zilikuwa na maandishi Orchids of Hawaii, herufi R ikifuatwa na namba, na neno Japan. Licha ya jina, kampuni hiyo ilikuwa New York, ikiuzia mikahawa ya Kipolinesia na ya Kichina nchi nzima. R na namba yake ni namba ya bidhaa katika orodha yao, na ndiyo ya kutafutia bei. Penye Taiwan badala ya Japan, kwa kawaida ni toleo la baadaye. Magi hizi ni nyingi sokoni, basi mtu asilipie kasoro hata kidogo. Moja kati ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia ukingoni na kushuka sentimita nne. Kwa macho hauonekani, kwa sababu glezi ya kahawia, ule utando wa kioo juu ya kauri, ina michirizi yake. Uligundulika kwa sauti: iweke magi juu ya kiganja kilichofunguka, iguse kwa ukucha. Nzima hulia, yenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Ukizishika kwa nguvu, zote hutoa mlio uliokufa, na wengi hukosea hapo. Ilirudi rafuni.

Mbili zilikuwa za OMC, yaani Otagiri Mercantile Company, waagizaji wa kauri kutoka Japani. Moja ilikuwa na lebo yake ya karatasi bado kitakoni. Hiyo iliwekwa kando bila mjadala. Lebo za karatasi ndizo za kwanza kupotea magi inapooshwa, na ikishatoka, utambulisho huo hauwezi kurudishwa. Ya pili ilikuwa na pengo ukingoni ambalo mtu alilipaka rangi ya kahawia. Ikaachwa.

Magi ya sita ilibeba jina la Trader Vic's, na mtu asiyejua angeikimbilia. Trader Vic's haijafa. Bado ina mikahawa na magi mpya. Kitakoni palikuwa na alama ya Tiki Farm, kampuni ya California iliyoanza mwaka 2000. Ni magi nzuri ya kunywea, lakini ya kale siyo. Jina maarufu mbele halithibitishi umri, na anayenunua kwa jina tu atapigwa hivi tena na tena.

Ya saba ndiyo iliyofanya safari iwe na maana: magi yenye jina la Mai-Kai, mkahawa wa Fort Lauderdale, Florida, uliofunguliwa Desemba 1956. Kwamba ilifika California si ajabu, watu walizibeba kama kumbukumbu ya likizo. Ukingoni, kidole kilipozungushwa taratibu, kiligusa sehemu ya sentimita moja laini kuliko glezi ya pembeni, na yenye joto kidogo. Gundi na rangi huwa hazina ubaridi wa kauri. Chini ya tochi ya urujuanimno, kivulini nyuma ya mlango, sehemu hiyo iling'aa nyeupe-samawati wakati pengine pote palibaki giza. Ilikuwa imezibwa kwa gundi ya epoksi na kupakwa rangi kwa ustadi.

Afanyeje? Ijumaa hakuna punguzo. Ila kasoro isiyotajwa kwenye bei ni suala jingine kabisa, na wasimamizi wazuri wanaelewa tofauti hiyo. Mnunuzi aliingoja zamu ya malipo, akamwonesha msimamizi sehemu ile chini ya tochi bila kupaza sauti wala kuitangaza kwa foleni nzima, akauliza kama bei inaweza kuzingatia ukarabati huo. Ikashuka hadi dola 12. Ungeomba "nipunguzie" ungeambiwa urudi Jumamosi, na ingekuwa imeshaondoka.

Mbili za mwisho hazikuwa na alama yoyote. Magi isiyo na alama si lazima iwe mbaya, viwanda vingi vilitegemea lebo za karatasi tu. Lakini bila alama unahitaji kulitambua umbo lenyewe, na kama hulitambui hapo uliposimama, dola 25 ni kubahatisha. Zote mbili zilirudi.

Sanamu iliyoitwa tiki

Kando ya baa ilisimama sanamu nyeusi ya mti, urefu sentimita 90, watu wakipandana mmoja juu ya mwingine hadi juu. Kibandiko: "Tiki ya kale ya Hawaii", dola 180. Wanunuzi wawili walikuwa wakiipiga picha.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mtwara ameshaitambua. Ni mtindo wa ujamaa wa Wamakonde. Vinyago vya Afrika Mashariki, vya Wamakonde na vya Wakamba, hukutwa mara kwa mara kwenye baa za tiki za Marekani, kwa sababu waliopamba baa hizo walichanganya chochote cheusi kilichochongwa, na wabandikaji bei hawatofautishi. Ujuzi huo ni mtaji kwa mkusanyaji anayezungumza Kiswahili, na unafanya kazi pande zote mbili: humzuia kulipa bei ya Hawaii kwa kisicho cha Hawaii, na humwezesha kuokota kinyago kizuri cha mpingo kilichotupwa kwenye meza ya dola tano.

Hiki kilikuwa cha mpingo? Mpingo ni mzito kuliko maji. Sanamu ya ukubwa ule ungeinyanyua kwa mikono miwili na kuguna. Hii iliinuka kwa mkono mmoja. Chini ya kitako, mahali ambapo rangi haikufika, mti ulikuwa wa manjano. Kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo na kupitishwa juu kidogo ya kitako, penye rangi, kwa ruhusa ya msimamizi, kilitoka cheusi: rangi ya viatu, ujanja wa zamani wa vinyago vya watalii. Kazi ya mkono ilikuwepo, na mchongaji anastahili heshima yake, lakini dola 180 hazikuwepo. Mtu mwingine aliinunua saa nne.

Vivyo hivyo, hata sanamu ikiwa ya Kipolinesia kwa sura, usiseme ni ya Oceanic Arts kwa kuwa tu nyumba iko Whittier. Bila risiti au picha ya zamani hayo ni maneno ya muuzaji.

Vilivyobaki ukutani na darini

Picha ya mahameli nyeusi, mwanamke wa Tahiti, dola 220, kibandiko kikitaja jina la Leeteg. Edgar Leeteg alichora huko Tahiti na Moorea hadi alipofariki 1953, na alipaka rangi ya mafuta kwa wepesi kiasi kwamba manyoya ya mahameli yalibaki hai. Waigaji ni wengi mno, na karakana za Mexico zilitoa picha za mahameli kwa maelfu. Mwanga wa tochi ukipitishwa kwa ubavu ulionesha rangi nene iliyogandisha manyoya, na nyuma ya fremu palipigwa muhuri Hecho en México. Mjadala ukaisha.

Maboya ya kioo yalikuwa matatu. Boya la kweli la wavuvi wa Japani lilipulizwa kwa mdomo, mara nyingi kwa kioo cha chupa zilizoyeyushwa: lina mapovu ndani, halina mviringo kamili, lina kifundo cha kioo pale lilipozibwa, na ngozi yake imekwaruzwa na mchanga na kamba. Moja dogo la dola 15 lilikuwa na yote hayo. Jingine dogo, na lile kubwa la dola 60 ndani ya wavu, yaling'aa sawasawa kila upande na kamba ya wavu ilikuwa mpya. Hayo ni mapambo ya duka.

Jikoni, mbali na baa, palikuwa na kisanamu cheusi cha dola 8 chenye maandishi Coco Joe's, Hawaii, na namba. Ni kumbukumbu za watalii zilizomiminwa kwenye kalibu, hazina uadimu mkubwa, ila kwa dola 8 usisite. Pitia kila chumba: wapangaji wa mauzo hutenganisha vitu bila kujua vilikuwa familia moja.

Ukutani pia palitundikwa gamba la kasa. Hata ukipewa bure, acha. Kasa wa baharini wanalindwa na sheria ya Marekani ya 1973 ya viumbe walio hatarini na mkataba wa kimataifa wa CITES kuhusu biashara ya viumbe hao, na kuliuza gamba jimbo lingine au kulivusha mpaka kunaweza kukuletea kesi. Wale waliozoea kuona vitana vya gamba la ng'amba pwani wakumbuke kwamba sheria ni ileile.

Boksi la viatu

Chini ya sinki la baa, boksi la viatu, dola 20. Ndani: menyu mbili, viberiti vya karatasi, vijiti vya plastiki vya kukorogea. Wengi walilifungua na kulifunga. Kwa maoni yetu ndicho kitu bora cha siku hiyo, kwa sababu karatasi hujitaja mwaka, na magi hazijitaji.

Njia ya kuzisoma ni hii. Msimbo wa posta wa tarakimu tano, ule wa ZIP, ulianza 1963. Anwani iliyo nao haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, ingawa anwani isiyo nao yaweza kuwa ya wakati wowote. Namba ya simu inayoanza kwa jina au herufi mbili ni ya mtindo uliokuwa ukiondolewa miaka ya 1960. Kitu cha Hawaii kilichoandikwa T.H., yaani Territory of Hawaii, ilipokuwa eneo la Marekani na bado si jimbo, ni cha kabla ya Agosti 1959. Kiberiti chenye ukanda wa kuwashia upande wa mbele ni cha kabla ya miaka ya 1970 kwisha, maana katika muongo huo ukanda ulihamishiwa nyuma kwa usalama. Msimbo wa mistari, ule wa dukani, ulianza kusomwa 1974. Alama moja haitoshi. Mbili tatu zikikubaliana, unaandika muongo kwa uhakika.

Menyu hizo zisiwekwe kwenye plastiki ya kubana kwa joto wala kuzibwa kwa selotepu. Mfuko wa poliesta na kadibodi isiyo na asidi vinatosha. Viberiti: fungua pini, toa njiti, lainisha jalada chini ya kitabu kizito. Njiti zisipande ndege kwa posta.

Nyumbani na vilivyonunuliwa

Magi ya OMC ilifutwa kwa kitambaa kikavu tu, lebo isiguse maji. Za Orchids zilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoingia kwenye nyufa ndogondogo za glezi. Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa: zamisha, funika, weka mahali pa giza kwa siku kadhaa, halafu suuza na ukaushe polepole kwa wiki. Usitumie jiki. Klorini hupenya chini ya glezi, chumvi zake hukauka na kuivua glezi vipande vipande, na kosa hilo halirekebishiki. Ya Mai-Kai haikuzamishwa kwa sababu ya epoksi. Mashine ya kuoshea vyombo haihusiki kwa magi yoyote ya zamani.

Wala usizinywee. Glezi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na maji ya ndimu na nanasi, ambayo ndiyo yanayojaa kwenye vinywaji vya tiki, huivuta kwa ule ukali wake. Vijiti vya kupimia risasi nyumbani husaidia kukamata kilicho kibaya, lakini kijiti kisipobadilika rangi hakikuthibitishii usalama.

Jumapili mnunuzi alirudi kwa taa ya bunju. Ijumaa ilikuwa dola 45, sasa 22.50. Ngozi ilikuwa nzima, waya umekauka na kupasuka plagini, kama inavyotarajiwa. Waya hubadilishwa wote, na balbu iwe ya LED isiyozidi wati 5, kwani balbu ya zamani huunguza ngozi ya samaki. Anayeipeleka Nairobi au Dar abadilishe balbu na plagi kwa umeme wa volti 230 hadi 240.

Baa yenyewe ilikuwa imeshuka kutoka 400 hadi 200, na kishawishi kilikuwa kikubwa. Futi ilionesha upana sentimita 186, mlango wa chumba 76, na mianzi ilikuwa imegongwa misumari ukutani. Miguuni palikuwa na matundu ya milimita moja mbili na unga laini sakafuni: wadudu bado wanabungua. Kitu kidogo cha mti chenye tatizo hilo hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Baa haiingii kwenye friza. Ilibaki.

Jumla iliyotoka ni dola 152.50: OMC moja, Orchids mbili, Mai-Kai, boya, kisanamu, boksi na taa. Kilichobaki kufanywa ni kuuliza, na ni wachache wanaouliza: je, familia ina picha ya zamani ya baa hii, na inaweza kupigwa nakala kwa simu, bila sura za watu? Ilikuwepo moja, na pembezoni mwake pamechapwa AUG 64, kama maabara za picha zilivyofanya wakati huo. Rafuni, Orchids mbili zinaonekana mahali pake. Mai-Kai haipo. Kadi za kumbukumbu ziliandikwa hivyo: za Orchids, "kabla ya Septemba 1964, kwa ushahidi wa picha", ya Mai-Kai, "mwaka haujathibitishwa, ukingo umekarabatiwa", na kadi hiyo itaambatana nayo siku itakapouzwa.